720720: kwa mkono vigawo 60, kompyuta inasema 240. Nani kakosea?

Mwana_wa_Menengai (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Natayarisha maswali ya klabu ya hesabu, kidato cha tatu, na nimekwama kwenye nambari 720720.

Niliivunja hivi: 720720 = 720 × 1001. Halafu 720 = 2⁴ × 3² × 5. Ile 1001 haigawiki kwa 2, wala 3, wala 5, kwa hiyo nikaiacha jinsi ilivyo. Kuhesabu vigawo, nikaongeza moja kwa kila kipeo na kuzidisha: 5 × 3 × 2 × 2 = 60. Lakini programu fupi ya Python inayojaribu kila nambari kuanzia 1 hadi 720720 inaleta 240, tena inajikokota.

Nauliza mambo matatu. Jibu sahihi ni lipi? Nambari hii iko kundi gani, kamilifu au nini? Na kuna matumizi gani ninayoweza kuwaonyesha wanafunzi, maana "ina vigawo vingi" peke yake haitawashika.

---

Kipeo_Kisumu

Kompyuta iko sawa. Kosa lako liko kwenye 1001. Huwezi kuiita tasa kwa sababu tu imewakataa 2, 3 na 5. Kipeuo chake cha pili ni 31 na ushee, kwa hiyo ni lazima uijaribu kwa kila nambari tasa hadi 31. Na ya kwanza tu baada ya 5 inaingia: 1001 ÷ 7 = 143, na 143 = 11 × 13. Basi:

720720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Vigawo: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240.

Ukitaka wanafunzi waione hesabu hii badala ya kukariri kanuni, waandike mstari wa 1, 2, 4, 8, 16. Chini yake mstari huohuo mara 3, halafu mara 9. Hapo kuna nambari 15. Zidisha zote kwa 5 na uzibakize zile za awali: 30. Rudia kwa 7: 60. Kwa 11: 120. Kwa 13: 240. Hakuna inayojirudia na hakuna inayosahaulika.

Zile 60 zako zote ni vigawo halali, usizifute. Zilizokosekana ni 180 ambazo zinahitaji 1001 ipasuliwe: 7 yenyewe, 14, 77, 91, 143 na wenzao.

Jambo moja la kuwaachia wanafunzi: nambari yoyote ya tarakimu sita inayorudia tarakimu tatu mara mbili (358358, 904904) ni mara 1001, kwa hiyo inagawika kwa 7, 11 na 13 bila hata kuijaribu.

---

Baki_Sifuri (Eldoret)

Kuhusu programu kujikokota: usizunguke hadi 720720. Vigawo huja wawili wawili, mmoja mdogo na mwenzake mkubwa, na mdogo hawezi kuvuka kipeuo cha pili. 848 × 848 = 719104, 849 × 849 = 720801. Kwa hiyo simama 848. Kila d inayogawa bila baki, hesabu mbili: d na 720720 ÷ d. Utapata jozi 120, na ya mwisho ni 840 × 858. Mizunguko 848 badala ya laki saba na zaidi.

Mitego miwili. Wa kwanza, nambari mraba. Ukiijaribu programu yako kwa 3600, 60 itakutana na yenyewe na utaihesabu mara mbili, upate 46 badala ya 45. Weka sharti: kama d na mwenzake ni sawa, ongeza moja tu. Kwa 720720 mtego huu haujitokezi, ndiyo maana watu huupita bila kuuona.

Wa pili, kwenye Python alama moja ya mkwaju inakupa 858.0, yenye desimali. Tumia mikwaju miwili. Kwa nambari ndogo hutaona tofauti. Nambari ikifika tarakimu kumi na saba hivi, desimali huanza kupoteza tarakimu za mwisho na majibu yanakuwa ya uongo bila kompyuta kulalamika.

---

Mama_Logi (Kakamega)

Naingia kwa swali la pili, mwalimu. Kundi linategemea jumla ya vigawo. Usivijumlishe vyote 240. Jumlisha kila nambari tasa na vipeo vyake, kisha zidisha:

(1+2+4+8+16) = 31
(1+3+9) = 13
(1+5) = 6
(1+7) = 8
(1+11) = 12
(1+13) = 14

31 × 13 × 6 × 8 × 12 × 14 = 3249792.

Ukiondoa nambari yenyewe inabaki 2529072. Nambari kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, bila yenyewe, vinajumlika kuwa yenyewe, kama 6 (1+2+3) au 28. Ikipungua ni pungufu. Ikizidi ni ya ziada. Hii yetu imezidi zaidi ya mara tatu na nusu, kwa hiyo ni ya ziada tena kwa kishindo. Uwiano wa jumla yote kwa nambari ni 248/55, yaani karibu 4.509. (Kama 1001 ingebaki tasa kwenye hesabu, ungezidisha kwa 1002 badala ya 8 × 12 × 14 = 1344. Kosa lilelile moja lingeharibu na hapa.)

Mengine ya kuonyesha ubaoni kwa haraka: tarakimu zake zinajumlika 18, na 18 inaigawa, inabaki 40040. Idadi ya nambari chini yake zisizoshirikiana nayo kigawo chochote zaidi ya 1 ni 8 × 6 × 4 × 6 × 10 × 12 = 138240. Na ukichukua nambari yoyote kuanzia 1 hadi 720720, unaweza kuiunda kwa kujumlisha vigawo vya 720720 vilivyo tofauti, kama mtu mwenye noti na sarafu za kutosha asiyekosa chenji kamwe.

Kwa wale wa mbele zaidi: Guy Robin alithibitisha mwaka 1984 kwamba dhana ya Riemann (fumbo maarufu la hesabu ambalo bado halijathibitishwa) ni kweli ikiwa, na tu ikiwa, kwa kila nambari n inayozidi 5040 uwiano huo hauufikii 1.78107 × logi asilia ya logi asilia ya n. Jaribuni kwa kikokotoo. Kwa 720720 mpaka ni 4.634, nayo ina 4.509, iko chini ya mpaka. Kwa 5040 mpaka ni 3.817, nayo ina 3.838, imeruka ua. Hiyo 5040 ndiyo ya mwisho inayojulikana kuruka.

---

Omondi_wa_Namba (Siaya)

Si ina vigawo vingi kwa sababu imebeba nambari tasa nyingi? Basi 510510 ingeishinda, ina tasa saba: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17.

---

Kipeo_Kisumu

Hapana, omera. 510510 = 2×3×5×7×11×13×17, vigawo ni 2⁷ = 128 tu, karibu nusu ya 240. Na ukienda upande wa pili, ukarundika 2 peke yake, 2¹⁹ = 524288 ina vigawo 20. Siri iko katikati: 2 nyingi, 3 chache, kisha moja moja.

Kupata mahali pa kusimama ndipo utamu ulipo. Srinivasa Ramanujan alichapisha uchunguzi wake wa nambari hizi mwaka 1915. Aliita nambari yenye vigawo vingi kuliko kila iliyo chini yake kwa jina maalum, na ndani ya hizo akatenga kundi dogo la zilizo bora kabisa. 720720 ni ya kumi katika kundi hilo dogo: 2, 6, 12, 60, 120, 360, 2520, 5040, 55440, 720720.

Njia yenyewe naieleza kama ununuzi sokoni Kibuye. Kila nambari tasa ina bei. Kila unapoinunua, idadi ya vigawo inaongezeka mara fulani, na hiyo ndiyo faida yako. Kwa nambari tasa yoyote faida hupungua kila unaporudi:

mara ya kwanza: × 2
mara ya pili: × 3/2 = 1.5
ya tatu: × 4/3 = 1.3333
ya nne: × 5/4 = 1.25
ya tano: × 6/5 = 1.2

Bei ya p tunaiweka kuwa p kwa kipeo 0.267. Nunua maadamu faida inazidi bei.

2: bei 1.2033. Mara ya nne faida ni 1.25, nunua. Ya tano ni 1.2, hasara, acha. Kipeo 4.
3: bei 1.3409. Mara ya pili 1.5, nunua. Ya tatu 1.3333, acha. Kipeo 2.
5: bei 1.5368. Ya pili ni 1.5, acha. Kipeo 1.
7: bei 1.6813. Kipeo 1.
11: bei 1.8969. Kipeo 1.
13: bei 1.9835. Chini ya 2 kwa nywele tu, nunua. Kipeo 1.
17: bei 2.1307. Hata mara ya kwanza ni hasara. Achana nayo.

Kapu lako: 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13 = 720720.

Kwa nini hii ni uthibitisho, si mchezo? Ipe kila nambari n alama: idadi ya vigawo vyake ÷ n kwa kipeo 0.267. Alama hiyo ni zao la alama za kila nambari tasa peke yake, na tumeshachagua kipeo bora kwa kila moja, kwa hiyo hakuna nambari yenye alama kubwa kuliko 720720. Sasa chukua nambari ndogo kuliko hiyo. Ingekuwa na vigawo 240 au zaidi, ingegawanywa kwa kitu kidogo zaidi, alama yake ingekuwa juu kuliko ya 720720. Haiwezekani. Hivyo kila iliyo chini yake ina vigawo chini ya 240.

Kosa la kawaida hapa ni kukata desimali mapema. Ukiandika bei ya 2 kuwa 1.2 badala ya 1.2033, bei na faida ya tano zinalingana, na hujui ununue au uache. Chukua tarakimu nne baada ya nukta.

---

Stendi_na_Saa (Kisumu)

Swali la tatu. 720720 ndiyo nambari ndogo kabisa inayogawika kwa kila nambari kuanzia 1 hadi 16. Kwenye vitabu vya Tanzania utaikuta kama kigawe kidogo cha shirika. Darasani Kenya wengi husema LCM tu. Ya kwanza inayoishinda ni 17: baki ni 5.

Wape wanafunzi picha hii. Stendi moja ina njia kumi na sita. Ya kwanza hutoa matatu kila dakika 1, ya pili kila dakika 2, hadi ya kumi na sita kila dakika 16. Usiku na mchana, bila kuchelewa (ndiyo, najua, hiyo stendi haipo Kisumu wala kwingineko). Zote zinaondoka pamoja saa kumi na mbili asubuhi. Lini zitaondoka pamoja tena?

Baada ya dakika 720720. Siku moja ni dakika 1440. 1440 × 500 = 720000, zinabaki 720, yaani saa 12. Siku 500 na nusu: zitakutana saa kumi na mbili jioni.

Utamu uko kwenye kuondoa njia moja moja na kuuliza nini kinabadilika:

Ondoa ya dakika 13: dakika 55440, siku 38 na nusu. Njia moja tu ndiyo iliyokuwa inachelewesha mara kumi na tatu.
Ondoa ya 11: dakika 65520, siku 45 na nusu.
Ondoa ya 16: dakika 360360, siku 250 na saa 6. Zinakutana saa sita mchana.
Ondoa ya 9: dakika 240240. Hakuna nyingine chini ya 16 inayobeba 3 mbili.
Ondoa ya 12, au ya 15, au ya 7: hakuna kinachobadilika. 12 imeshabebwa na 16 na 9. 15 na 9 na 5. 7 na 14.

Hilo la 7 huwanasa wengi. Wanasema 7 ni tasa kwa hiyo lazima iathiri. Inaathiri tu kama 14 nayo imeondoka.

Na kosa kubwa kuliko yote: kuzidisha 1 × 2 × 3 hadi 16. Hiyo ni 20922789888000. Ni dakika ambazo magari yote yatakutana kweli, lakini si mara ya kwanza. Ni karibu miaka milioni 40. Mwambie mwanafunzi aliyeleta jibu hilo achukue kiti, gari litachelewa.

---

Omondi_wa_Namba (Siaya)

Nimeelewa soko. Swali jingine: kwa kuwa 720720 inagawika kwa kila kitu hadi 16, jirani zake 720719 na 720721 si lazima ziwe tasa? Hakuna kidogo kinachozigawa.

---

Baki_Sifuri (Eldoret)

Kidogo hakuna, kikubwa kipo. Uhakika ulio nao ni kwamba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 haziwezi kuzigawa, kwa sababu zinaigawa 720720 na jirani ametofautiana nayo kwa 1. Kuanzia 17 mlango uko wazi.

720719 = 31 × 67 × 347
720721 = 71 × 10151

Hakuna hata moja iliyo tasa. Ukitaka kuthibitisha ya pili kwa mkono, anza 17 na uende kwa nambari tasa tu: 17 baki 6, 19 baki 13, 23 baki 16, 29 baki 13, 31 baki 2, na kuendelea mpaka 71 inapoingia bila baki. Kipeuo cha pili ni 848, kwa hiyo mtu aliyekata tamaa kwenye 67 angetangaza tasa, na angekuwa amerudia kosa la 1001 kwa sura mpya.

---

Mama_Logi (Kakamega)

Nyongeza ndogo kwa klabu. Gawanya 1 kwa 720720 kwa mkono, msitumie kikokotoo, kitakata. Jibu ni 0.0000, halafu 013875 013875 013875 bila mwisho. Sufuri nne za mwanzo zinatoka kwenye 2⁴, maana 10 inahitaji vipeo vinne kuimaliza. Baada ya kuziondoa unabaki na 125/9009, na 9009 × 111 = 999999, ndiyo maana mzunguko ni wa tarakimu sita: 125 × 111 = 13875. Anayesahau sufuri ya mbele ya 13875 atapata mzunguko wa tarakimu tano, na jibu litaharibika kuanzia mzunguko wa pili.

---

Mwana_wa_Menengai (Nakuru)

Asanteni, hasa kwa soko. Nimeshusha kipeo cha bei hadi 0.2625: bei ya 2 ni 1.1996, kwa hiyo 2 ya tano inanunuliwa, na ya 3 ni 1.3343, bado 3 ya tatu ni hasara. Kapu linakuwa 1441440, vigawo 288. Nikishusha hadi 0.26, bei ya 3 ni 1.3306, 3 ya tatu inaingia: 4324320, vigawo 384. Je, kwa kushusha bei polepole hivi nitapata rekodi zote, yaani kila nambari yenye vigawo vingi kuliko zote zilizo chini yake?

---

Kipeo_Kisumu

Hesabu zako ziko sawa, lakini rekodi zote hutazipata. Kati ya 720720 na 1441440 kuna 1081080 = 2³ × 3³ × 5 × 7 × 11 × 13, yenye vigawo 4 × 4 × 16 = 256, na inashinda kila iliyo chini yake. Kati ya 1441440 na 4324320 kuna 2162160, yenye 320. Hakuna bei itakayokupa hizo. Angalia 1081080: 2 imenunuliwa mara tatu na 3 mara tatu. Ili uache 2 ya nne, kipeo cha bei lazima kisiwe chini ya 0.3219, ili ununue 3 ya tatu, lazima kisizidi 0.2619. Haviwezi kuwa kweli kwa pamoja. Hizo za katikati tafuta kwa programu: jaribu vipeo visivyopanda tu, 2 ikianza, kisha 3, kisha 5, na ubakize iliyo ndogo kwa kila idadi ya vigawo.

---

Baki_Sifuri (Eldoret)

Na ukiandika hiyo programu, usisahau mikwaju miwili.